Ben Chifley, Mwendesha Garimoshi Aliyepata Kuwa Waziri Mkuu wa Australia

Katika mji wa Bathurst, nchi ya Australia, iko nyumba ndogo kando ya njia iitwayo Busby Street. Haina ghorofa wala uwanja mpana, nayo yafanana na nyumba za jirani zake. Siku hizi wageni huingizwa humo kuitazama, wakaonyeshwa viti na vyombo na kitanda, kwa sababu mwenye nyumba hiyo alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yote tangu Julai 1945 hata Desemba 1949. Jina lake ni Joseph Benedict Chifley, na watu walimwita Ben tu. Hata alipokuwa mkubwa hakuihama nyumba hiyo. Tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari zake. Mambo mengine makubwa aliyoyatamani yalivunjika mikononi mwake, na moja alilolitenda mwishoni bado watu wa nchi yake hubishana juu yake; hayo nayo tutayasimulia, maana kumsifu mtu kwa kuyaficha magumu yake si kumheshimu.

Alizaliwa Bathurst tarehe 22 Septemba 1885. Baba yake, Patrick, alikuwa mhunzi, na mama yake aliitwa Mary Anne. Wote wawili walikuwa wa ukoo wa Kiirland na wa Kanisa la Katoliki. Mtoto alipopata miaka mitano hivi alipelekwa kukaa kwa babu yake, aliyekuwa na shamba mahali paitwapo Limekilns, mbali kidogo na mji. Kwetu sisi mtoto kulelewa kwa babu si jambo la kushangaza. Lakini maisha ya huko yalikuwa magumu. Alilala juu ya magunia yaliyoshindiliwa makapi, katika nyumba ya sakafu ya udongo, akafanya kazi za shamba kama mtu mzima, na shule ya kijiji haikumpa masomo ila siku chache katika juma. Akakaa huko miaka tisa. Mwaka 1899 babu akafa, naye kijana akarudi kwa wazazi wake, akasoma karibu miaka miwili katika shule ya mabruda wa Katoliki. Hayo ndiyo masomo yote aliyoyapata utotoni. Mtu huyu aliyekuja kushika hazina ya nchi nzima hakuingia chuo kikuu hata siku moja.

Kwanza alifanya kazi dukani, kisha katika kiwanda cha ngozi. Hata mwezi wa Septemba 1903 akaajiriwa na reli ya New South Wales, mtoto wa kazi katika banda la magarimoshi pale Bathurst. Akasafisha mitambo, halafu akawa mchochea moto, yaani yule asimamaye nyuma ya dereva na kutupa makaa tanuruni kwa koleo, saa baada ya saa, huku garimoshi likipanda milima. Mwaka 1914 akapandishwa kuwa dereva wa daraja la kwanza, naye hajatimiza bado miaka 29. Wachache sana walikifikia cheo hicho katika umri ule. Njia yake ilipita milima ya Blue Mountains, yenye miinuko mikali na makona mengi.

Lakini kuna kazi nyingine aliyoifanya miaka hiyohiyo, nayo haikuonekana na watu. Jioni, nguo za masizi zikiisha kuvuliwa, alikwenda shule ya usiku, mara nyingi siku nne katika juma, akafuata desturi hiyo miaka mingi. Alisoma ufundi wa mitambo, kisha habari za zamani za mataifa, kisha mambo ya fedha na biashara. Akawa yeye mwenyewe mwalimu wa wenzake, akiwafundisha vijana wa reli namna mtambo ufanyavyo kazi ndani yake. Wakatekista wetu wengi, waliojisomea peke yao baada ya kutwa nzima shambani, watajua maana ya jambo hili kuliko wale waliosomeshwa kwa raha.

Mwaka huohuo wa 1914, tarehe 6 Juni, alimwoa Elizabeth McKenzie, binti wa mtu wa reli. Hapo lilitokea jambo zito. Bibi huyu alikuwa wa Kanisa la Presbiteri, na wakati ule uadui kati ya Wakatoliki na Waprotestanti katika Australia ulikuwa mkali, hata katika mambo ya kazi, ya shule na ya siasa. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki iliyotolewa miaka michache tu kabla, ndoa ya Mkatoliki isiyofungwa mbele ya padre haikuhesabiwa kuwa ndoa. Nao walifunga ndoa yao katika kanisa la Kipresbiteri huko Glebe, mjini Sydney. Ilikuwa lazima mmoja wao apate hasara, na husimuliwa kwamba Chifley aliona heri hasara hiyo iwe yake. Wengi katika hali kama hiyo hukasirika na kuliacha kanisa kabisa. Yeye hakuliacha. Aliendelea kuhudhuria Misa miaka yote, akikaa nyuma, wala hakujitetea mbele ya watu wala kuwalaumu mapadre. Elizabeth naye akabaki katika imani aliyolelewa nayo. Hawakujaliwa watoto. Nyumba ya Busby Street waliipata kwa upande wa wazazi wa bibi, wakaishi humo hata mwisho.

Sasa tufike mwaka 1917, maana mwaka huo ulimgeuza mtu huyu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, bei za vitu zilipanda, na watu walikuwa wamechoka. Wakubwa wa reli wakaleta utaratibu mpya katika karakana za Sydney: kila kazi ya fundi iandikwe katika kadi, na saa alizozitumia zihesabiwe. Mafundi wakaona wanageuzwa kuwa vyombo. Tarehe 2 Agosti wakaweka zana chini. Mgomo ukaenea kama moto wa nyika, ukashika reli yote, ukapita mpaka bandarini na migodini. Chifley akatoka pamoja na wenzake. Serikali ikaita watu wa kujitolea kutoka mashambani ili kuziba nafasi zao, na baada ya juma chache tu mgomo ukavunjika.

Adhabu ilikuwa kali. Wengi walifukuzwa. Chifley naye alifukuzwa. Na aliporudishwa kazini baada ya kukata rufani, alirudishwa akiwa ameshushwa cheo, na miaka yote ya utumishi wake haikuhesabiwa. Waliobaki kazini wakati wa mgomo walipandishwa juu ya waliogoma, hata mtu aliyefundishwa kazi na mwenzake akawa bwana wake. Haki ile ya miaka ya kazi haikurudishwa kwa wagomaji hata mwaka 1925, serikali ya Jack Lang ilipotawala New South Wales. Miaka minane ni mingi kwa mtu kuonja uchungu kila asubuhi aendapo kazini. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba ukatili wa mwaka ule ndio uliomtia katika siasa. Msomaji na aliweke neno hili moyoni, kwa kuwa tutalirudia.

Akashika kazi ya chama cha waendesha magarimoshi, kilichoungwa kwa nchi nzima mwaka 1920, akawatetea wenzake mbele ya mahakama za kazi. Watu waliona kwamba hakupiga kelele. Alifika na hesabu zake, amezipanga vizuri, na wakubwa wa reli hawakupata pa kumkamata. Halafu akajaribu kuingia Bungeni kwa Chama cha Labor, yaani chama cha wafanya kazi. Mara ya kwanza, mwaka 1925, alishindwa. Mwaka 1928 alichaguliwa kuwa mjumbe wa jimbo la Macquarie, lenye miji ya Bathurst na Lithgow ndani yake. Mwaka 1929 chama chake kikashinda kabisa, na James Scullin akawa Waziri Mkuu.

Furaha hiyo ilikuwa ya siku chache. Serikali ya Scullin iliapishwa Oktoba 1929, na siku hizohizo masoko ya hisa ya New York yalianguka. Bei za sufi na ngano, ambazo ndizo utajiri wa Australia, zikashuka vibaya. Madeni ya London yakabaki palepale. Watu wakafukuzwa kazi kwa maelfu, hata mwaka 1932 karibu watatu katika kila kumi wa wafanya kazi wa vyama walikuwa hawana kazi. Serikali ilitaka kukopa fedha ili iwape watu kazi; mabenki yakakataa. Mwaka 1931 Chifley aliwekwa kuwa Waziri wa Ulinzi, naye akapaswa kuunga mkono shauri lililopunguza matumizi ya serikali, pamoja na mishahara na pensheni za watu. Hakulipenda, lakini aliona kwamba bila hilo hazina itakauka kabisa na wazee watakosa hata kidogo walichokuwa nacho. Watu wake hawakumwelewa. Chama cha waendesha magarimoshi, alichosaidia kukijenga kwa mikono yake, kikamfukuza. Katika uchaguzi wa Desemba 1931 Chama cha Labor kilikuwa kimegawanyika, wafuasi wa Lang wakipigana na ndugu zao, na Chifley akapoteza kiti chake.

Akakaa nje ya Bunge karibu miaka tisa. Miaka hiyo wengine huipita upesi wanaposimulia maisha yake; sisi twaona ndiyo iliyomkomaza. Alirudi Bathurst. Akachaguliwa mwaka 1933 katika baraza dogo la wilaya ya Abercrombie, akashughulika na barabara za mashamba, madaraja na mifereji, wala kazi hiyo hakuiacha hata alipokuwa Waziri Mkuu, mpaka mwaka 1947. Mwaka 1935 alisimama katika uchaguzi kupingana na Jack Lang mwenyewe, katika ngome ya Lang pale Auburn, akijua kabisa kwamba atashindwa. Akashindwa. Lakini watu walijua toka siku ile kwamba yuko mtu asiyemwogopa Lang.

Mwaka huohuo serikali ya wapinzani wake ilimwita akae katika tume ya kuchunguza mambo ya fedha na mabenki. Tume ilifanya kazi mpaka 1937, ikawasikiliza wakubwa wa mabenki mmoja mmoja, na yule mtu wa shule ya usiku akawauliza maswali yao. Wenzake walipoandika shauri lao, yeye aliongeza shauri lake peke yake: kwamba benki zinazoendeshwa kwa faida ya wenye hisa haziwezi kukabidhiwa riziki ya taifa, na kwamba zafaa kuwa mali ya watu wote. Alikuwa hakusahau jinsi serikali ya Scullin ilivyonyimwa fedha watu wakiwa na njaa.

Vita ya Pili ilipokuja alitumika kwanza katika idara ya silaha, akitafuta wafanya kazi wa viwanda. Septemba 1940 alirudishwa Bungeni na watu wa Macquarie. Oktoba 1941 John Curtin akawa Waziri Mkuu, akamweka Chifley kuwa Waziri wa Fedha. Miezi miwili baadaye Wajapani waliingia vitani, Singapore ikaanguka Februari 1942, na Darwin ikapigwa kwa mabomu. Curtin alikuwa mtu wa moyo mwepesi kuumia, asiyepata usingizi kwa kuwahofia askari walioko baharini. Chifley ndiye aliyekuwa nguzo yake. Fedha za vita alizitafuta zaidi kwa kodi na kwa mikopo kutoka kwa wananchi wenyewe, asitake nchi ifungwe tena na madeni ya ng'ambo. Mwaka 1942 akaleta sheria ya kodi moja ya mapato kwa nchi yote, na zile serikali za majimbo zilipokwenda Mahakama Kuu kumpinga, zilishindwa. Utaratibu huo ndio uliodumu. Tena katikati ya vita ile walianza kutoa pensheni kwa wajane, na kutunga sheria za kuwasaidia wagonjwa na wasio na kazi.

Curtin alikufa tarehe 5 Julai 1945, vita ya Pasifiki haijaisha. Wajumbe wa chama wakamchagua Chifley, naye akaapishwa tarehe 13 Julai. Alikuwa amekwisha kupata karibu miaka 60.

Nyumba kubwa ya Waziri Mkuu ilimngoja mjini Canberra. Hakuhamia. Aliendelea kukaa katika chumba chake cha Hotel Kurrajong, alimokaa tangu zamani, akaenda Bungeni kwa miguu, kiko mdomoni. Elizabeth alibaki Bathurst, maana afya yake haikuwa nzuri, na mumewe aliendesha motokaa yake mwenyewe kwenda kwake mwisho wa juma. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, hotuba zake hazikupendeza masikio; lakini mkulima au mjane aliyemwandikia barua alijibiwa. Husimuliwa kwamba nambari ya simu yake ilikaribia kufanana na ya mwuza nyama wa Canberra, na mabibi walipopiga simu kwa makosa kuagiza nyama, Waziri Mkuu aliandika maagizo yao, asiwaambie wanasema na nani, kisha akayapeleka kwa mwenye duka.

Kazi iliyofanywa katika miaka ile minne ni kubwa. Askari mamia ya maelfu walirudishwa makwao bila nchi kuingia katika njaa ya kazi kama ile ya zamani. Chuo Kikuu cha taifa kiliundwa Canberra mwaka 1946. Shirika la ndege la Qantas likawa mali ya serikali mwaka 1947. Novemba 1948 alisimama kiwandani kuionyesha motokaa ya kwanza ya Holden, iliyotengenezwa Australia. Oktoba 1949 ilianzishwa kazi ya kuyageuza maji ya milima ya Snowy, yapite chini ya miamba, yatoe nguvu ya umeme na kunywesha nchi kavu ya magharibi. Kazi hiyo haikumalizika ila mwaka 1974, miaka mingi baada ya kufa kwake.

Tena waliingizwa watu kutoka Ulaya, wale waliofukuzwa makwao na vita na kukaa katika makambi ya Ujerumani. Meli ya kwanza ilifika Novemba 1947, imewachukua watu wa Latvia, Estonia na Lithuania. Wengi wa Walatvia na Waestonia walikuwa Walutheri kama sisi, nao wakaanzisha ibada kwa lugha zao katika nchi ngeni. Katika miaka michache wakimbizi kama hao walipata karibu 170,000. Wasomaji wetu wa upande wa Meru na Arusha huenda wazee wao walisimulia habari za kambi ya Wapolandi pale Tengeru, waliofika wakati wa vita baada ya kupita Urusi na Uajemi. Mwanzo wa mwaka 1950 meli iliwachukua wengi wa watu wa makambi ya Afrika Mashariki kutoka Mombasa mpaka Fremantle, Australia. Ulikuwa mlango uliofunguliwa na serikali ya Chifley, ijapokuwa walipofika yeye alikuwa amekwisha kuondolewa.

Lakini hapana budi tuseme na hili: mlango huo ulifunguliwa kwa wazungu tu. Sheria za zamani zilizowazuia watu wa Asia na Afrika zilishikwa kwa ukali na waziri wake wa uhamiaji, Arthur Calwell. Mwaka 1949 serikali ilitaka kumfukuza mjane mmoja wa Indonesia, aliyekimbia Wajapani na kuolewa tena na Mwaustralia, pamoja na watoto wake, mpaka Mahakama Kuu ikakataza. Serikali hiyohiyo iliwasaidia Waindonesia kwa bidii mbele ya Umoja wa Mataifa walipodai uhuru wao kwa Waholanzi. Namna gani mtu mmoja aweza kupenda uhuru wa jirani yake na kumkataza asikae kwake? Chifley hakulitatua jambo hilo, wala hatuoni kwamba lilimsumbua kama lilivyopasa.

Mwezi wa Agosti 1947 Mahakama Kuu iliitangua sehemu moja ya sheria yake ya mabenki ya mwaka 1945. Siku tatu baadaye Chifley akatoa tangazo fupi mno: serikali itayanunua mabenki yote ya wenye hisa. Hakutanguliza maelezo wala hakuwaandaa watu. Twaweza kusema kwamba hapo yule mwenye subira aliiacha subira yake. Uchungu wa 1931 ulisema kabla hajakaa kufikiri. Makarani wa mabenki walihofia kazi zao, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakiwaonya watu. Matajiri wakatoa fedha nyingi. Magazeti karibu yote yakampinga. Sheria ilipitishwa na Bunge, Mahakama Kuu ikaitangua mwaka 1948, na rufani ikakataliwa London Julai 1949. Miaka miwili ya nguvu ikapotea, wala hata benki moja haikununuliwa.

Rufani hiyo ilipokataliwa, tayari alikuwa katika shida nyingine iliyo nzito zaidi. Tarehe 12 Juni 1949 alisema mbele ya mkutano wa chama chake mjini Sydney, akakifananisha kusudi lao na nuru iliyowekwa juu ya kilima; mfano huo kila msomaji wetu ajua ulikotoka, na chama chake wanautaja hata leo. Haukupita hata mwezi. Tarehe 27 Juni wachimba makaa ya mawe, watu 23,000, waligoma. Walitaka mshahara zaidi, saa 35 za kazi katika juma, na likizo kwa waliotumika miaka mingi. Ilikuwa majira ya baridi. Makaa ndiyo yaliyotoa umeme, gesi na mvuke wa viwanda. Basi Sydney ikawa giza, watu hawakuweza kupika wala kuota moto, na viwanda vilifungwa hata wafanya kazi wengine kwa mamia ya maelfu wakakosa mshahara.

Chifley aliwajua wachimbaji. Lithgow ni mji wao, nao walikuwa watu wa jimbo lake. Miaka mingi alikuwa amechoma makaa yao tanuruni. Lakini aliona kwamba madai yao yalikuwa yakisikilizwa katika mahakama ya kazi, na kwamba wakomunisti walioshika uongozi wa chama chao walitaka kuipima nguvu ya serikali. Katika siku mbili Bunge lilipitisha sheria ya kuwakataza watu kuwasaidia wagomaji kwa fedha. Mali ya vyama ikafungwa, viongozi wakatiwa gerezani. Hata mwanzo wa Agosti akatuma askari waingie migodini kuchimba makaa. Kabla ya hapo hakuna serikali ya Australia iliyotumia askari hivyo kuvunja mgomo katika siku za amani. Tarehe 15 Agosti wachimbaji wakarudi kazini, hawakupata kitu.

Basi yule aliyefukuzwa kwa kugoma mwaka 1917, aliyeingia siasa kwa uchungu wa mgomo uliovunjwa, ndiye aliyeuvunja mgomo wa 1949. Wako waliomwita msaliti, hata katika vyama vya wafanya kazi, na wengine hawakumsamehe mpaka wakafa. Wako waliosema kwamba Waziri Mkuu ni wa watu wote, na kwamba mama mwenye mtoto mchanga katika nyumba ya baridi naye ana haki yake. Sisi tumelifikiri jambo hili sana, na hatuoni njia ambayo angeweza kuishika bila kumwumiza mtu. Lakini kuwatia watu gerezani na kufunga mali ya chama chao, hilo twaona lilizidi. Naye kuliko wote alijua lina ladha gani.

Uchaguzi ulikuja tarehe 10 Desemba 1949. Watu walichoka na petroli ya kugawiwa kwa tikiti, walihofia habari za mabenki, na Robert Menzies aliwaahidi kuziondoa tikiti hizo. Chifley akashindwa. Hakuacha kazi, akawa kiongozi wa upinzani. Mwaka 1950 Menzies alileta sheria ya kukifuta chama cha wakomunisti na kuwaondolea watu wake haki fulani. Chifley, aliyekuwa ametoka kupambana na wakomunisti hao katika migodi, aliipinga, kwa kuwa ilimlazimisha mshtakiwa aonyeshe yeye mwenyewe kwamba hana hatia. Wengi katika chama chake hawakupenda awatetee, Wakatoliki wenzake hasa. Mwishoni wajumbe wake walilegea na kuiacha sheria ipite, lakini Machi 1951 Mahakama Kuu iliitangua. Katika miezi hiyo moyo wake uliugua. Novemba 1950 alishikwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa, kisha akarudi kazini.

Mwezi wa Juni 1951 Australia ilisherehekea miaka 50 ya Bunge lake la shirikisho. Usiku wa tarehe 13 kulikuwa na ngoma kubwa ya heshima katika jengo la Bunge, wakubwa wote wamevaa mavazi ya fahari. Chifley hakupenda mambo kama hayo. Alibaki chumbani mwake Kurrajong, akisoma, na mwandishi wake alikuwapo kumtengenezea chai. Hapo moyo ukamshika tena. Alikataa daktari asiitwe, lakini akaitwa. Akafa njiani akipelekwa hospitali. Habari ilipofika Bungeni, Menzies, adui yake katika siasa na mtu aliyempenda kwa siri, aliisimamisha muziki, akawaambia wageni, nao wakaondoka wakiwa kimya.

Walimzika Bathurst. Ibada ilifanyika katika kanisa kuu la Katoliki, lile ambalo yeye alizoea kukaa nyuma yake, na watu wa reli wakajaa njiani mpaka makaburini. Elizabeth alirudi Busby Street, akaishi humo peke yake miaka kumi na mmoja, hata alipokufa mwaka 1962.